Yılmaz Güney: Mwana wa wachuma pamba aliyetengeneza filamu akiwa gerezani

Tamthilia za Kituruki zimekuwa sehemu ya jioni za familia nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia Dar es Salaam hadi Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyuma ya tasnia hiyo kuna historia ya mwigizaji na mwongozaji Mkurdi aliyekamilisha kazi yake mashuhuri kuliko zote akiwa mtoro, na akafariki akiwa amevuliwa uraia wa nchi aliyozaliwa.

Wasikilizaji wetu waliofuatilia tamthilia ya Sultan, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Azam TV, bila shaka wanamkumbuka mama wa Sultani Suleiman: mwanamke mwenye haiba na mtazamo mkali, ambaye neno lake moja katika kasri lilitosha kumpandisha cheo kijakazi au kumtupa nje. Mwigizaji huyo ni Nebahat Çehre. Zaidi ya miaka 40 kabla ya tamthilia hiyo kuanza kurushwa nchini Uturuki mwaka 2011, alikuwa mke wa mwanamume ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la utani la Mfalme Mwenye Sura Mbaya. Mwanamume huyo ni Yılmaz Güney.

Mjini Mbarara, kama katika miji mingine ya Uganda, watu wamezoea kutazama filamu za nje kupitia sauti ya mtu wa tatu. Katika kibanda cha video, mfasiri anayeitwa VJ hushika kipaza sauti, akaeleza kwa Kiluganda kinachosemwa na kinachotendeka, na akatia na utani wake mwenyewe. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro. Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanaishi ujirani mmoja, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowawezesha kucheka pamoja mbele ya kioo kimoja. Kwa watazamaji hawa si ajabu mdomo wa mwigizaji kusema hili na sikio kusikia jingine. Katika maisha ya Güney, hata hivyo, swali la sauti gani isikike katika filamu, na kwa lugha gani, lilikuwa swali la kumpeleka mtu gerezani.

Mtoto wa waliohama

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1937 katika kijiji cha Yenice, mkoa wa Adana, kusini mwa Uturuki, na jina lake la ukoo lilikuwa Pütün. Wazazi wake hawakuwa wenyeji wa hapo. Baba yake, Hamit, alitoka Siverek upande wa Urfa, akiwa amekimbia visasi vya damu. Mama yake, Güllü, alikuwa na asili ya Varto, karibu na Muş, eneo ambalo watu wake wengi waling'olewa makwao majeshi ya Urusi yalipoingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wote wawili walikuwa Wakurdi, na wote walijikuta katika tambarare ya Çukurova, nchi ya pamba, wakifanya kazi katika ardhi ya watu wengine.

Mtu wa Nakivale hahitaji maelezo marefu kuhusu mwanzo wa namna hiyo. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanza kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo wakazi wake wengi ni Wakongo, na idadi ya watu wote imepita 150,000. Wapo waliozaliwa humo na kuzaa humo. Wengi hulima kipande cha ardhi walichogawiwa, na mvua zikikataa huenda kufanya kibarua katika mashamba ya ndizi ya wenyeji. Ni kweli kwamba Hamit na Güllü hawakuvuka mpaka wa nchi, na hakuna ofisi iliyowaandikisha kuwa wakimbizi. Lakini mtoto aliyekua akiwatazama wazazi wake wakiinamia zao ambalo faida yake ilikwenda kwa mwingine, na akasikia nyumbani lugha ambayo shuleni haikutamkwa, alikuwa na jambo la kusema ambalo wana wa matajiri wa Istanbul hawakuwa nalo.

Alichuma pamba, akafanya vibarua vya kila namna, kisha akapata kazi katika kampuni za kusambaza filamu mjini Adana, akipeleka mikanda kwenye majumba ya sinema. Hapo ndipo sinema ilipomteka. Alianza masomo ya sheria Ankara na uchumi Istanbul bila kuyamaliza. Tayari alikuwa ameanza kuandika hadithi fupi, na moja kati ya hizo, aliyoichapisha katikati ya miaka ya 1950, ilimfikisha mahakamani kwa kosa la kueneza ukomunisti. Kesi ilichukua miaka. Wakati ikiendelea, mwongozaji Atıf Yılmaz alimwajiri kama msaidizi, mwandishi na mwigizaji, na kijana huyo akaanza kutumia jina Güney, ambalo kwa Kituruki maana yake ni kusini. Mwaka 1961 hukumu ilimfikia: mwaka mmoja na nusu jela, na baada ya hapo miezi 6 ya kulazimishwa kuishi Konya, mbali na kazi yake. Akiwa kifungoni aliandika riwaya yake ya kwanza, Boynu Bükük Öldüler, kuhusu vibarua wa mashamba ya Çukurova. Ilipochapishwa hatimaye mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipata tuzo ya fasihi iliyopewa jina la mwandishi Orhan Kemal.

Mfalme Mwenye Sura Mbaya

Sinema ya Uturuki ya wakati huo iliitwa Yeşilçam, kwa jina la mtaa mmoja wa Istanbul wenye ofisi za watayarishaji. Ilitoa filamu nyingi kwa haraka ya ajabu. Kamera zilinasa picha bila sauti, na maneno yalitiwa baadaye studioni, mara nyingi kwa vinywa vya watu wengine kabisa. Mashujaa walipaswa kuwa warembo, wenye ngozi nyororo na suti zilizopigwa pasi. Güney alipotoka jela hakuwa na chochote kati ya hayo. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, na uso uliokaa kama wa mtu aliyelala njaa. Alipewa nafasi katika filamu za bei nafuu za bunduki na visasi, zilizokusudiwa miji ya mikoani, na huko mikoani watu wakamwona mtu anayefanana nao. Baadhi ya miaka aliigiza katika filamu zaidi ya 10. Filamu ya mwaka 1966 iliyoitwa Çirkin Kral ndiyo iliyompa lile jina la utani. Mwaka 1967 alimwoa Nebahat Çehre, aliyekuwa malkia wa urembo kabla ya kuwa mwigizaji. Ndoa hiyo ilijaa ugomvi na ikavunjika mwaka uliofuata. Mwaka 1970 alimwoa Fatoş, ambaye alibaki naye hadi mwisho.

Katika wingi wa filamu hizo, moja ya mwaka 1966 inasimama peke yake. Ni Hudutların Kanunu, yaani Sheria ya Mipaka, iliyoongozwa na Lütfi Akad na ambayo Güney alishiriki kuiandika. Yeye ni Hıdır, mtu wa kijiji kilicho mpakani mwa Syria, ambako ardhi haizai na riziki hupatikana kwa kuvusha bidhaa usiku katikati ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hıdır anataka mwanawe asome shule ili asirithi kazi hiyo, lakini mwenye mali ana mipango mingine. Neno magendo halihitaji kufafanuliwa Isingiro, wilaya inayotazamana na Tanzania ng'ambo ya mto Kagera. Kinachoitofautisha filamu hii na zile za bunduki ni kwamba inamwuliza mtazamaji mtu huyu angekula nini kama asingevuka.

Akiwa na jina na fedha, Güney alianzisha kampuni yake na kuanza kuongoza mwenyewe. Mwaka 1970 alitoa Umut, yaani Matumaini, ambayo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo filamu yake iliyo safi kuliko zote. Cabbar, anayeigizwa na Güney, ni dereva wa gari la farasi mjini Adana wakati teksi zinamnyang'anya abiria. Ana mke, mama mzee, watoto watano na farasi wawili waliokonda. Mmoja anagongwa na motokaa na kufa. Polisi wanamwona mwenye motokaa kuwa ndiye mwenye haki, wadai wanauza kilichobaki, na bahati nasibu anayoinunua kila mara haimjibu. Mwishowe rafiki yake anamshawishi waende kwa mganga wa kidini anayedai kujua mahali hazina ilipofukiwa. Wanachimba chini ya mti mkavu siku baada ya siku, hadi akili ya Cabbar inapomtoka, akawa anazunguka shimo akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Kijana wa Mbarara anayeendesha bodaboda ya mkopo ataitambua hesabu ya Cabbar bila tafsiri: pikipiki ikigongwa, deni halifi nayo. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uturuki iliipiga Umut marufuku. Nakala ikatolewa nchini kwa siri na kuonyeshwa Cannes, na nyumbani ikapata tuzo ya juu katika tamasha la Adana. Kuanzia hapo Mfalme wa filamu za bunduki alitazamwa na wakosoaji kwa jicho jingine, na na serikali pia.

Risasi ya Yumurtalık

Mwezi Machi 1971 wanajeshi waliilazimisha serikali kujiuzulu, na msako wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto ukaanza. Mwaka 1972 Güney alikamatwa kwa kuwaficha baadhi yao. Alikaa ndani zaidi ya miaka miwili, akatoka kwa msamaha wa mwaka 1974, na mwaka huohuo akatoa Arkadaş, yaani Rafiki. Kisha akaenda Yumurtalık, mji mdogo wa pwani ya Adana, kuanza filamu ya Endişe, yaani Wasiwasi, kuhusu wachuma pamba, watu wa utoto wake.

Usiku mmoja wa Septemba 1974, katika sehemu ya starehe ya mji huo, ulizuka ugomvi kati ya meza yake na hakimu wa eneo hilo, Sefa Mutlu. Risasi ikalia na hakimu akafa. Güney alikana kosa, na wapenzi wake wametoa maelezo mengi kwa miaka yote hii, lakini mahakama ilimpata na hatia na kumhukumu kifungo cha miaka 19.

Wapo wanaosimulia maisha yake na kulipita jambo hili haraka, kana kwamba ni tope la njiani. Si haki. Güney alipenda bunduki katika filamu na nje ya filamu, na sifa ya ubabe aliyojengewa na Yeşilçam hakuiacha studioni. Mtu mmoja alikufa usiku ule, ambaye hakuwa mhusika katika hadithi ya mtu mwingine. Mkimbizi aliyempoteza ndugu kwa mtu mwenye silaha na jina kubwa ana haki ya kumsoma Güney kwa shaka, na shaka hiyo haiharibu filamu. Huenda inatusaidia kuona kwa nini zile zilizofuata zimejaa wanaume ambao hasira yao inawaangukia wasio na kosa.

Kundi la kondoo

Endişe ilimaliziwa na msaidizi wake, Şerif Gören. Tukio hilo la dharura likageuka kuwa utaratibu. Kutoka gerezani Güney aliandika miswada iliyoeleza kila tendo, kila mahali pa kuweka kamera na hata mwendo wa mhusika, akajadiliana na waongozaji waliokuja kumtembelea, na wao wakaenda kupiga picha kwa mikono yao. Zeki Ökten aliongoza Sürü, yaani Kundi, na Düşman, yaani Adui. Gören akaongoza Yol, yaani Njia. Kuna mjadala hadi leo kuhusu filamu hizo ni za nani hasa. Jibu la haki ni kwamba ni za wote wawili kila mara: aliyeandika asingeweza kuziona sehemu zile, na aliyeziona asingekuwa na cha kupiga bila mswada. Si kila mmoja alifaa, maana Erden Kıral, aliyeanza Yol, aliondolewa na Güney kazi ikiwa imeshaanza.

Sürü ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikapata Chui wa Dhahabu katika tamasha la Locarno, Uswisi, mwaka 1979. Familia ya wafugaji wa mashariki mwa Uturuki inapeleka kondoo Ankara kwa treni. Mzee Hamo, aliyeigizwa na Tuncel Kurtiz, anawatawala wanawe kwa fimbo na matusi. Mwanawe Şivan amemwoa Berivan, binti wa koo ambayo wana uadui nayo wa damu. Berivan ametoka mimba mara tatu na hasemi neno hata moja; baba mkwe anamwona kuwa ndiye mkosi wa nyumba. Safarini wafanyakazi wa reli wanadai rushwa, wezi wanaiba wanyama, na behewa walilopewa lilikuwa limebeba sumu ya kuulia wadudu, hivyo kondoo wanakufa mmoja baada ya mwingine. Wakifika mjini, Berivan anafariki katika jengo lisilokwisha kujengwa, Şivan anakamatwa, na mzee Hamo anabaki katikati ya barabara akimwita mwanawe mdogo katika umati usiomjua.

Ukiwaeleza kisa hiki wazee wa Ankole, walioona malisho yakipungua na wana wao wakielekea Mbarara na Kampala, hawatauliza Sürü inahusu nini. Walakini kuna jambo ambalo mtazamaji wa mbali huenda asiligundue. Watu wale wote ni Wakurdi, lakini katika filamu wanazungumza Kituruki. Baadaye, akiwa uhamishoni, Güney alieleza kwamba filamu ilikuwa historia ya watu wake, na kwamba kama wangezungumza Kikurdi, kila aliyeshiriki angefungwa. Ukimya wa Berivan unaweza kueleweka upya ukijua hilo, ingawa filamu yenyewe haisemi.

Karatasi ya Yusuf

Tarehe 12 Septemba 1980 jeshi lilitwaa madaraka. Güney alikuwa tayari na mashtaka mapya kwa ajili ya makala alizoandika gerezani, na ilikuwa wazi kwamba miaka 19 ingeongezeka. Katika hali hiyo Yol ilipigwa picha, kwa ruhusa zilizopatikana kwa mswada usiosema yote. Oktoba 1981 alipewa ruhusa ya siku chache kutoka gereza la Isparta, kama walivyopewa wafungwa wengine wakati wa sikukuu. Hakurudi. Alivuka kwa boti hadi kisiwa cha Ugiriki, na kutoka huko akafika Uswisi na Ufaransa pamoja na Fatoş na watoto. Mikanda ya Yol ilikuwa imetangulia. Akaihariri yeye mwenyewe uhamishoni, na sauti zikatiwa Ulaya. Mtunzi wa muziki, Zülfü Livaneli, alijificha nyuma ya jina la Sebastian Argol.

Ni nadra maisha na mswada kukutana hivyo, kwa sababu Yol inahusu wafungwa wa kisiwa cha İmralı wanaopewa ruhusa ya wiki moja kwenda nyumbani. Tutataja watatu tu. Seyit Ali, aliyeigizwa na Tarık Akan, anakwenda mlimani kwenye theluji ambako ndugu wa mkewe wamemfunga minyororo zizini kwa miezi kadhaa, kwa madai ya uzinzi, wakimsubiri mume aje amuue. Seyit Ali hana moyo wa kuua wala ujasiri wa kusamehe. Anamtembeza mke aliyedhoofika katika baridi akiwa na nguo nyepesi, akiiachia theluji hukumu, na anapobadili nia na kumchapa ili asilale, wakati umeshapita. Ömer anarudi kijijini kwao karibu na mpaka wa Syria, ambako juu ya picha linatokea neno Kurdistan. Wanajeshi wamekizingira kijiji. Ndugu yake anauawa, na kwa desturi mjane anakuwa mke wake, desturi ambayo majina yake ni mengi katika lugha zetu.

Wa tatu ni Yusuf, kijana anayempelekea mke wake ndege katika kitundu. Katika basi la kwanza, kwenye kizuizi cha kwanza cha wanajeshi, anagundua kwamba amepoteza karatasi ya ruhusa. Anashushwa na kuwekwa ndani. Wenzake wanaendelea na safari, na hadithi yake inaishia hapo.

Ni dakika chache tu katika filamu ndefu, lakini mkimbizi yeyote atazihisi tumboni. Uganda inasifiwa kwa sheria yake ya mwaka 2006 inayompa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na sifa hiyo ina msingi. Hata hivyo, anayetoka Nakivale kwenda Mbarara hospitalini au Kampala kwenye mahojiano ya safari hupapasa mfuko mara kadhaa njiani. Wengi wa wasikilizaji wetu waliokwisha kufika nchi za mbali bado wana bahasha ya zamani kabatini, ambayo hawaitupi ingawa hakuna anayeiulizia tena.

Mei 1982 Yol iligawana Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, na filamu ya Missing ya Costa-Gavras. Güney alitokea hadharani kupokea tuzo wakati Uturuki ikitaka arudishwe. Ufaransa ilikataa kumtoa. Mwaka 1983 serikali ya kijeshi ilimvua uraia, filamu zake zikapigwa marufuku na nakala nyingi zikateketezwa.

Ukuta wa mwisho

Alikuwa amebakiza muda mfupi kuliko alivyojua. Katika jengo la abasia ya kale kaskazini mwa Paris alijenga upya gereza la Kituruki na kutengeneza Duvar, yaani Ukuta, iliyotoka mwaka 1983. Inahusu watoto wafungwa, kwa kufuata uasi uliotokea katika gereza la Ankara mwaka 1976. Waigizaji wengi walikuwa wahamiaji na watoto wao waliokuwa wakiishi Ulaya. Ni filamu ngumu kutazama. Filamu ya kumbukumbu iliyopigwa wakati wa kazi hiyo inamwonyesha Güney akiwa mkali mno kwa watoto alionao, kana kwamba njia pekee anayoijua ya kuonyesha ukatili ni kuwaonjesha. Katika mwaka huohuo alishiriki kuanzisha Taasisi ya Kikurdi ya Paris, iliyojitwika kazi ya kukusanya vitabu, kamusi na kumbukumbu za lugha isiyo na shule kwao.

Alifariki kwa saratani ya tumbo tarehe 9 Septemba 1984 mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 47. Alizikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Kati ya filamu zaidi ya 100 alizoigiza, za kwake hasa zinahesabika kwa vidole, na karibu nusu yake zilikamilishwa na wengine au mbali na macho yake.

Mwezi Oktoba 1983, karibu mwaka mmoja kabla hajafa, utawala wa kijeshi ulikuwa umepitisha sheria namba 2932, iliyopiga marufuku Kikurdi katika uchapishaji na utangazaji bila hata kukitaja kwa jina. Ilifutwa mwaka 1991. Tarehe 1 Januari 2009 shirika la utangazaji la serikali ya Uturuki, TRT, lilifungua chaneli nzima ya Kikurdi. Wako Wakurdi walioisherehekea na wako walioiona kuwa sauti ya serikali kwa lugha yao. Anayesikiliza matangazo ya lugha ya wachache ndani ya shirika la umma anajua kwamba maoni yote mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja.

Tamthilia zinazosafiri dunia nzima hazijafika hapo. Tangu Sıla ya mwaka 2006, iliyopigwa picha Mardin, nyumba za mawe za kusini-mashariki, machifu wa koo, visasi na mabibi harusi wa kulazimishwa vimekuwa mapambo yanayouzwa vizuri. Ni nchi ileile ya Hamit na Güllü, ila wahusika huzungumza Kituruki chenye lafudhi na ni nadra mtu kutajwa kuwa Mkurdi. Zikitiwa sauti za Kiswahili, hata lafudhi hiyo hupotea. Mtazamaji wa Nakivale, aliyefiwa au kukimbia kwa sababu ya jina la kabila lake, huona visasi vya watu wasio na jina.

Yol iliruhusiwa katika majumba ya sinema ya Uturuki mwaka 1999, miaka 17 baada ya Cannes. Tarık Akan alikuwa na umri wa miaka 49 walipoanza kumwona Seyit Ali akipanda theluji, na aliyemwandika alikuwa kaburini tangu muda mrefu. Nakala zote za Hudutların Kanunu zilizokuwa nchini zilikamatwa na kuharibiwa baada ya mapinduzi, isipokuwa moja. Mwaka 2011 nakala hiyo moja, iliyojaa mikwaruzo, ilitumiwa kuirudisha filamu hiyo kwenye skrini, na alama za uharibifu ambazo hazikuweza kuondolewa bado zinaonekana juu ya uso wa Hıdır.